Fungu la Ndagala, Bidoni ya Maji na Somo la Takwimu



Wazazi kadhaa wa hapa Buyenzi wametusimamisha njiani, wengine mlangoni mwa msikiti, wakitaka kujua watoto wao wanafundishwa nini hasa siku ya Jumamosi alasiri. Mama mmoja alisema mwanawe aliaga kuwa anakwenda kwenye somo la hesabu, akarudi ananuka samaki. Baba mwingine alimkuta kijana wake anaokota vizibo vya soda barabarani na kuvijaza mfukoni, akaingiwa na wasiwasi. Maswali yao ni ya haki kabisa, na haya ndiyo majibu yetu. Ni marefu kidogo, mtuwie radhi.

Sisi ni walimu wanne wa kujitolea. Wawili kati yetu wanafundisha hesabu katika shule za mjini Bujumbura, mmoja ni mhasibu, na wa nne ni mama mwenye kuuza vitenge soko la Ruvumera, ambaye kwa kweli anajua takwimu kuliko sisi watatu, ila yeye haziiti hivyo. Tulianza na watoto 26, wasichana 14 na wavulana 12, wengi wao wa darasa la 8 na la 9. Darasa la 9 lina mtihani wa taifa, na kila mzazi anajua uzito wake.

Shuleni takwimu huwafikia watoto kwa Kifaransa, ubaoni, kama kanuni ya kujumlisha na kugawa. Mwalimu anaandika namba kumi, watoto wanatafuta wastani, wanapigiwa mstari wa chaki nyekundu, basi yamekwisha. Hizo namba kumi ni za nini? Zilitoka wapi? Nani alizipima, na kwa kifaa gani? Hakuna anayeuliza. Mtoto wa namna hiyo atafaulu swali la mtihani, hatukatai, lakini ukimwuliza wastani alioupata unamwambia nini, anakutazama kama umemwuliza njia ya kwenda Makka kwa miguu.

Kwa hiyo tulijiwekea masharti mawili. La kwanza, hakuna namba inayoingia darasani kwetu mpaka ijulikane nani kaipima na vipi. La pili, kila mtoto akifika nyumbani amweleze bibi yake kwa Kiswahili alichokigundua. Bibi asipoelewa, mtoto bado hajaelewa. Sharti hili la pili limetusaidia kuliko vitabu vyote tulivyonunua.

Tuanze na vizibo, kwani ndivyo vilivyoleta maneno. Vitabu vya shule hufundisha bahati na uwezekano kwa kutumia dado na karata. Sisi hatukutaka vitu hivyo mikononi mwa watoto, na tunajua nyumba nyingi zisingetaka pia. Kizibo cha soda hakina historia hiyo. Tena, ukweli ni kwamba kinafundisha vizuri zaidi. Dado limetengenezwa makusudi ili pande zake ziwe sawa, kwa hiyo jibu unalijua kabla hujarusha. Kizibo je? Kikitupwa juu, kitaangukia mdomo chini au mdomo juu? Hakuna hesabu ya kichwani itakayokupa jibu. Lazima urushe, uandike, urushe tena.

Tuliwapa kila watoto wawili kizibo kimoja, warushe mara 10. Majibu yalitawanyika ajabu: wengine walipata mdomo juu mara 3, wengine mara 8, na kila mmoja akawa na uhakika kwamba ameijua siri ya kizibo chake. Tukawaambia waendelee mpaka mara 300. Ilichukua alasiri nzima, kelele mtindo mmoja. Lakini kadiri marusho yalivyozidi ndivyo majibu ya makundi yalivyosogeleana, mpaka yakakaribia kuwa kitu kimoja. Kijana mmoja, huyo huyo aliyekutwa na baba yake barabarani, akasema: "Kumbe mara kumi ni uvumi." Tangu siku hiyo darasa limelichukua neno hilo. Mtu akileta habari kwamba dawa fulani inaponya kwa sababu imemponya jirani yake, watoto wanamjibu kwa pamoja kwamba huo ni uvumi. Hakuna pesa wala zawadi inayowekwa kwenye vizibo, na hakuna anayeshinda. Mzee aliyekuwa na wasiwasi alikuja akakaa nasi saa nzima, akarusha mwenyewe mara 20, akaondoka ameridhika.

Sasa samaki. Wasomaji wetu wa mbali labda hawaijui ndagala: ni samaki mdogo wa Ziwa Tanganyika, ndugu wa dagaa, urefu wake kama kidole, na hapa Bujumbura ndiye mboga ya mwenye nacho na asiye nacho. Huuzwa mabichi na makavu, kwa fungu. Watoto walitaka kujua bei yake inapanda na kushuka kwa sababu gani, kwani kila mmoja amewahi kutumwa na mama yake na pesa zikakosa kutosha.

Hapa mwenzetu wa vitenge alitupa somo la kwanza. "Mkiandika bei mtadanganyika," alisema. Na ndivyo ilivyo. Muuzaji wa ndagala hapandishi bei ovyo, maana mteja ataikimbia. Anachofanya ni kupunguza fungu. Bei ileile, sahani ileile, samaki wachache zaidi. Mtoto aliyekwenda na daftari lake akaandika bei kila siku kwa wiki mbili angepata mstari ulionyooka kama rula, akatuambia hakuna kinachobadilika. Cha kupima kilikuwa uzito wa fungu. Tukatafuta mizani ndogo ya jikoni, tukazungumza na wauzaji watatu, mama zetu hao, wakakubali watoto wapime mafungu yao kila alasiri kwa zamu, kwa sharti kwamba wasiwazuie wateja na wasiguse bila kunawa. Harufu mliyoisikia nyumbani ilitoka huko.

Palikuwa na somo jingine juu ya fungu hilo hilo. Ndagala wakubwa hupangwa juu, wadogo na waliovunjika hukaa chini. Tuliwaambia nusu ya watoto wapime urefu wa samaki 20 wa juu, na nusu wachanganye karai zima kwanza ndipo wachukue 20 bila kuchagua. Wastani wa kundi la kwanza ulikuwa mrefu zaidi, tena kwa mbali. Hapo hatukuhitaji maneno mengi juu ya sampuli. Kila mtoto wa Buyenzi anajua maana ya kuuziwa kwa kuoneshwa ya juu. Tuliwaambia tu: ukisoma gazetini kwamba "watu wengi wanasema", jiulize kama mwandishi alichota karai zima au alichukua wa juu.

Turudi kwenye uzito. Baada ya wiki nne watoto walichora grafu yao ya kwanza kwa siku za juma, kwani walidhani Ijumaa au Jumapili ndiyo inayopunguza mafungu. Haikuonekana kitu, nukta zilitapakaa tu. Walivunjika moyo kidogo. Ndipo binti mmoja wa darasa la 8, mpole sana, akasema kuwa bibi yake hufunga siku tatu za katikati ya kila mwezi, tarehe 13, 14 na 15 za Kiislamu, na kila mara hulalamika kwamba siku zake za kufunga ndizo siku ambazo ndagala mabichi hayapatikani. Akauliza kama anaweza kuchora upya kwa tarehe za mwezi mwandamo.

Tulimwachia ubao. Mabibi na mababu waliokulia kando ya ziwa wanajua alichokipata. Mafungu yalikuwa manono mwanzoni na mwishoni mwa mwezi, yakaporomoka katikati. Kwenye tarehe 14 na 15 fungu lilikuwa karibu nusu ya lile la tarehe 28. Wavuvi wa ndagala hutoka usiku na kuwavuta samaki kwa mwanga wa taa. Usiku wa giza, taa ni mfalme. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, samaki hawakusanyiki, na wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa. Kwa hiyo mwezi hauli ndagala wala haupandishi bei. Unaizima taa, na taa ndiyo inayojaza mtumbwi. Tuliwataka watoto wauandike mnyororo huo hatua kwa hatua, kwa sababu mambo mawili kwenda pamoja hakutoshi kusema moja limesababisha jingine. Lazima uoneshe mkono unaoshika.

Walioandika mafungu ya ndagala makavu, kwa njia, hawakuona mawimbi hayo. Makavu huwekwa ghalani yakangoja, mabichi hayangoji. Watoto hao wakadhani wameshindwa, lakini karatasi yao tuliibandika kando ya ile nyingine, maana ndiyo iliyothibitisha kwamba kinachobadilika ni uvuvi wa usiku huo na siyo tabia ya wauzaji. Palitokea pia ubishi juu ya kalenda ya nani ifuatwe, kwani nyumba moja ilianza mwezi siku moja kabla ya nyingine. Darasa likakubaliana kufuata tangazo la msikitini na kuliandika hilo juu ya grafu. Tulilipenda jambo hilo. Kuna wataalamu wakubwa wanaosahau kuandika walianza kuhesabu lini.

Mvua ikinyesha Jumamosi hatutoki, tunahesabu herufi. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kuwa takwimu ni elimu ya Wazungu, na hapa historia ina la kusema. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, Abu Yusuf Yaqub ibn Ishaq al-Kindi aliandika risala juu ya kufumbua maandishi ya siri. Nakala yake ilikutwa katika maktaba ya Istanbul. Njia yake ni hii: chukua maandishi ya kawaida ya lugha ileile, marefu ya kutosha, uhesabu kila herufi inatokea mara ngapi. Kisha hesabu alama za barua ya siri. Alama inayotokea zaidi ya zote huenda ikawa ndiyo herufi inayotokea zaidi ya zote, na hivyo hivyo kuteremka. Ni maandishi ya zamani zaidi yanayojulikana kuieleza njia hiyo, na ndani yake mna fikra yote ya takwimu: unajifunza kutoka kwa kile unachoweza kukihesabu ili ukifikie kile usichokiona.

Tuligawa kurasa za Kiswahili, za Kifaransa na za Kiarabu. Kiswahili herufi a ilitangulia kila ukurasa, bila ubishi; Kifaransa ni e; Kiarabu alif na lam. Kisha tukawapa barua iliyoandikwa kwa alama za ajabu, nyota na misalaba na miduara, bila kuwaambia ni ya lugha gani. Dakika 40 baadaye wakaisoma. Ilikuwa inawaambia kwamba nyuma ya mlango mna sambusa. Zilikwisha kabla ya waliosoma kwa pole kufika.

Baada ya miezi minne ya kazi kama hiyo watoto wenyewe walitaka swali lao. Tuliwaambia wachague, na wasichana wa darasa la 9 ndio waliolileta: baada ya kutoka shule, nani ana muda wa kusoma?

Tulikaa sisi walimu tukalizungumza hili kabla ya kukubali, kwani kupima samaki ni jambo moja na kupima nyumba za watu ni jambo jingine. Dini yetu imetukataza kupelelezana. Tukakubaliana kuwa kadi hazitakuwa na jina, wala mtaa, wala alama yoyote isipokuwa kama mwenye kadi ni wa kike au wa kiume, na zitatiwa kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko. Kila mtoto angeandika, kwa siku tano za shule, dakika anazotumia kwa kazi za nyumbani tangu kurudi shule mpaka isha: kuchota maji, kupika, kuosha vyombo, kufua, kubeba wadogo, kutumwa dukani. Wasio na saa walipima kwa adhana. Hapa kwetu karibu na ikweta vipindi vya sala havibadiliki sana mwaka mzima, kwa hiyo "tangu alasiri mpaka katikati ya kuelekea magharibi" ni kipimo cha kutegemewa kuliko saa nyingi za sokoni.

Kopo likafunguliwa. Wastani wa darasa zima: dakika 78 hivi kwa siku. Ni namba ya kiungwana, ungeweza kuipeleka kwenye mkutano wowote ikapigiwa makofi. Kisha tukawaambia waweke kila kadi kama nukta ubaoni, na hapo darasa likanyamaza. Nukta zilijikusanya mafungu mawili, moja kuzunguka dakika 30, jingine kuanzia dakika 95 kwenda juu. Kati ya 70 na 90 palikuwa peupe. Tuliuliza: "Nani anaishi kwenye dakika 78?" Hakuna. Wastani wetu ulikuwa nyumba isiyo na mtu.

Tukachukua chaki za rangi mbili. Wastani wa wasichana ulikuwa dakika 110, wa wavulana 40. Fungu la kulia lilikuwa karibu lote la wasichana, isipokuwa nukta moja ya mvulana, dakika 130. Wasichana wawili walikuwa upande wa kushoto.

Ile nukta ya 130 ndiyo iliyotufundisha zaidi. Mvulana mmoja, mwerevu wa kukokotoa, aligundua kwamba kadi ile ikiondolewa wastani wa wavulana unashuka kutoka 40 hadi 32, akapendekeza itolewe kwa kuwa inaharibu. Katika vitabu vya shule namba kama hiyo huitwa kasoro, na kuna kanuni za kuifuta. Baadhi ya watoto walianza kutazamana, kutafuta ni ya nani. Tukawazuia hapo hapo, kwa ukali kidogo. Kadi ile haikukosewa kuandikwa. Siku zake zote tano zilifanana. Ni ya mtoto ambaye nyumbani kwao yeye ndiye anayebeba maji na kupika, na sababu anaijua yeye na Mola wake. Unaweza kutumia namba ya kati badala ya wastani ili kadi moja isivute wenzake, na tulifanya hivyo, lakini kadi yenyewe inabaki ubaoni. Hatutamfuta mtu kwa sababu hafanani na wenzake.

Mkutano wa wazazi ulikuwa wiki mbili baadaye. Tulijadiliana kama tuibandike karatasi ile ukutani. Mwenzetu mmoja alihofu kwamba wazazi wataona tumewaaibisha. Watoto walisema ni kazi yao, na wao ndio watakaoieleza. Ikabandikwa.

Hatutawaficha, maneno yalikuwa makali. Mzee mmoja, tunayemheshimu sana, aliuliza ni nani aliyetutuma kuhesabu vyungu vya watu. Mwingine alisema msichana anajifunza kazi za nyumbani ili kesho awe mama wa nyumba, ubaya uko wapi? Binti wa darasa la 9 alisimama, akaomba ruhusa, akasema: "Mzee wetu, hatujaandika kuwa ni vibaya. Tumeandika kuwa ni dakika 70 kila siku, karibu saa 6 kwa wiki ya shule, na mtihani wetu na wao ni mmoja." Akakaa. Hakuinua sauti hata kidogo.

Kisha ukaja mchango ambao sisi tuliufurahia kuliko pongezi zote. Baba mmoja, fundi wa magari, alisema: "Mmepima siku za shule tu. Jumamosi asubuhi na Jumapili mwanangu yuko gereji tangu asubuhi, mikono ina grisi mpaka kwenye kiwiko. Hiyo mmeitia wapi?" Mama mmoja upande wa pili akamjibu kwamba basi hata alfajiri haikutiwa, kwani maji ya bomba yakikatika wasichana ndio wanaoamka kabla ya sala kupanga bidoni kwenye foleni, na wakirudi wameshachoka kabla ya shule kuanza. Ukumbi mzima ukageuka darasa la takwimu. Watu waliokuwa wanauliza nani katutuma, sasa wanabishana juu ya saa ngapi kipimo kianze. Wote wawili walikuwa na hoja. Swali la kwanza la watoto lilihusu jioni za shule, na jibu lake lilikuwa sahihi kwa swali hilo; wazazi walikuwa wanauliza swali pana zaidi.

Tunapenda kuwakumbusha wasomaji kuwa ubishi wa aina hii haupo kwetu tu. Sensa ya Burundi ya mwaka 2008 ilitoa jumla ya watu 8,053,574. Watoto wetu walicheka walipoiona ile 4 ya mwisho. Nani kamhesabu huyo wa nne? Mmoja akauliza kama wavuvi waliokuwa ziwani na taa zao usiku ule waliandikwa nyumbani kwao au hawakuandikwa kabisa. Ndilo swali ambalo wenye kupanga sensa hukaa nalo miezi mingi kabla ya kugonga mlango wa kwanza: usiku upi, nyumba ipi, na aliye safarini ni wa wapi.

Basi tulipima tena, safari hii siku saba, kuanzia kabla ya alfajiri mpaka kulala, na kazi za gereji na za mkokoteni sokoni zikiwemo. Nguzo za wavulana zilinyanyuka Jumamosi na Jumapili, kama fundi alivyosema. Nguzo za wasichana zilinyanyuka alfajiri, kama mama alivyosema. Pengo lilishuka kutoka dakika 70 hadi 50 kwa siku. Halikwisha. Karatasi hii ya pili tuliibandika pembeni ya ya kwanza, na fundi akaja kuitazama kwa miwani, akahesabu nguzo moja moja kwa kidole.

Mnatuuliza imebadilisha nini. Nyumba ipi ni ipi hatujui, na hatutaki kujua. Baba mmoja alitueleza kwa hiari yake kwamba sasa bidoni mbili za lita 20 zinakwenda na kijana kwa baiskeli kila jioni, na binti anaanza kusoma mara baada ya magharibi. Mama mwingine alisema wanawe wameanza kuandika zamu ya vyombo kwenye mlango wa jiko, na wanagombana zaidi kuliko zamani, lakini kwa haki. Wengi hawakusema lolote.

Na mzazi mmoja alimwondoa binti yake darasani. Tulikwenda kumsalimu, alitukaribisha kwa chai, akatuambia kwa upole kwamba hana ubaya nasi ila nyumba yake siyo samaki wa Ruvumera. Tulimsikiliza. Tumemwomba amruhusu arudi hata kwa somo la herufi tu, hajatujibu, na tunamwombea heri. Sasa tuna watoto 25. Jumamosi iliyofuata mtoto mmoja aliuliza kama kadi yake nayo itolewe kwenye kopo. Tukamwonesha kopo: kadi zote ziko pamoja, hazina majina. Hata tungetaka, tusingeijua ni ipi.

Kipimo cha tatu kitaanza wiki mbili baada ya mtihani wa taifa, inshaallah, tuone kama pengo ni lilelile shule zikiwa zimefungwa. Mzazi anayetaka kuja kukaa nasi Jumamosi yoyote baada ya sala ya adhuhuri, mlango uko wazi, na hakuna haja ya kujua hesabu. Mwenye saa ya mkono asiyoitumia atuazime. Kwa kazi ya alfajiri tunahitaji kama sita.

Wassalaam alaykum.